Kampuni Yetu Tumeigawa kwa Mgao wa Duara

Mama Pantaleo, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Kahama, gazeti huwa nalikuta kwa mama mmoja anayeuza vitumbua, namwomba asifungie watu vitumbua kwa ukurasa wako mpaka niwe nimeusoma, na leo nakuandikia kwa sababu nina furaha na nina kilio, vyote viwili vimeingia kwa mlango mmoja na sijui nikaribishe kipi kwanza, naomba unishike mkono.

Naitwa Mbuke. Baba yangu, marehemu Bujiku, alikuwa mchimbaji, alichimba kwenye maduara ya Mzee Maduhu tangu mimi sijazaliwa, na kwa wasomaji wako ambao hawajui mambo ya huku, duara ni shimo la dhahabu, na mwenye duara ni yule anayewalisha wachimbaji, ananunua magogo ya kuzuia udongo usianguke, analipia pampu ya kuvuta maji, halafu mawe yakitoka yanagawanywa viroba kwa viroba, mwenye eneo anapata fungu lake, mwenye duara anapata fungu lake ambalo ndilo kubwa, wachimbaji wanapata lao, mpaka mama anayepika ana kiroba chake. Baba mapafu yalipomshinda, Mzee Maduhu ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyenunua jeneza, ndiye aliyenilipia chuo Shinyanga nikasomea kompyuta, kwa hiyo Mama nakuomba usimwone mtu mbaya kwa haya nitakayokueleza, mimi namwita baba na ninalisema hilo kwa moyo wangu.

Niliporudi kutoka chuo nikaona shida iliyopo kwenye makarasha, yaani hizi mashine za kusaga mawe, watu wanaleta viroba vyao na kushinda navyo wakisubiri zamu, ukienda kuoga ukirudi unakuta mawe yako yamebadilishwa, ukienda kula zamu yako imerukwa, kila wiki watu wanapasuana vichwa. Mimi na mwenzangu Luka, ambaye alikuwa utingo wa malori ya Isaka na anajua jinsi mizigo inavyopangwa pale bandari kavu, tukatengeneza mfumo wa simu, hata simu ya kitochi inatosha, unaandikisha viroba vyako vinafungiwa stoo, unaenda zako nyumbani, zamu ikikaribia unaletewa ujumbe, na kwa wazee wasiosoma simu inapiga na unasikia sauti ya mama yangu mzazi ikisema kwa Kisukuma kwamba mawe yako yanafuata, njoo. Tukauita Zamu.

Mama Pantaleo, mfumo umetema. Hivyo ndivyo tunavyosema duara likianza kutoa dhahabu, limetema, na Zamu imetema kweli kweli, ilianza karasha moja la Mzee Maduhu, likaja la jirani, likaja la wale wanaokaa upande wa Buzwagi, ugomvi umekwisha, kuna bibi mmoja alikuwa anaibiwa mawe kila mara akaniletea jogoo na kunishika mikono yote miwili. Juzi juzi umoja wa wenye makarasha wa Kahama na Geita wakatuita, tukasimama mbele yao tukaeleza, wakapiga makofi, wakasema wanataka Zamu kwenye makarasha yao yote, leteni karatasi za kampuni yenu tusaini. Nikampigia mama, akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimechumbiwa.

Sasa hapa ndipo penye kilio na nakuomba usinicheke. Kipindi kile tunaanza, karasha la pili lilipotaka kuona kama tumesajiliwa, Mzee Maduhu alinituma steshenari, nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua mfumo wa BRELA, wale wanaosajili biashara, nikaingiza namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nikasajili jina la biashara Zamu, mmiliki Maduhu, peke yake. Hakunilazimisha mtu. Huku kwetu jina la mchimbaji haliendi kwenye karatasi, leseni inakuwa na jina la mwenyewe, wachimbaji wanajulikana kwa sura, ndivyo nilivyokuta na ndivyo baba alivyoishi, mkono wangu ukaandika tu wala sikufikiri mara mbili. Cheti kilipotoka tukachinja mbuzi, tukakaa tukafanya mgao kama wa duara, mwenye eneo ni mdogo wake Mzee Maduhu kwa sababu chumba tunachofanyia kazi kiko kwenye kiwanja chake, mwenye duara ni Mzee mwenyewe kwa sababu alinunua laptopu na bando na alitulisha, wachimbaji ni mimi na Luka, na Esta anayetupikia ugali naye tukamtajia fungu lake. Kila mtu alifurahi na mimi nilifurahi, nilicheza.

Baada ya kikao cha Geita nikamwambia Mzee kwamba mimi na Luka tutakwenda naye kusaini. Akanitazama kwa upole, hakukasirika hata kidogo, akasema, "Ng'wanawane, mchimbaji hasaini." Yaani mwanangu, mchimbaji hasaini. Nikasema lakini baba kazi tumeifanya sisi, akasema hata maduara yanachimbwa na wachimbaji na hakuna aliyewahi kudai kuwa duara ni lake, na kama tumechoka tuseme, kwa kawaida wachimbaji hubadilishwa. Wiki iliyofuata naingia ofisini namkuta kijana anaitwa Donatus ametoka Mwanza, amekaa kwenye kiti changu, ni kijana mwenye adabu, akasimama akanisalimia, akaniomba neno la siri la mfumo. Nikamwambia nimelisahau. Mama, sijalisahau.

Luka anasema tuuchukue mfumo tuhame nao Mwanza, tuubadilishe jina, kama wachimbaji wanavyohama wakisikia kwingine kumelipuka dhahabu, na begi lake ameshalifunga liko nyuma ya mlango. Mama yangu analia, anasema nitamwibiaje mtu aliyemzika baba yangu. Na mimi niko katikati, nikimpa Donatus neno la siri nitakuwa nimejitoa kwenye jasho langu, nikiondoka na Luka nitaitwa mwizi mpaka nazeeka, na siku ya kusaini Geita inakuja haisubiri mtu. Naomba uniambie, huu mfumo ni wa nani, na mimi ni nani ndani yake?

Mbuke, Kahama.

MAMA PANTALEO ANAJIBU

Marahaba, Mbuke.

Kwanza pokea hongera zangu, na uzipokee umekaa. Watu wanatoka mbali kuja kutuuzia mifumo ambayo haijui karasha ni kitu gani, na wewe umemaliza ugomvi wa foleni kwa sauti ya mama yako mzazi. Barua yako nimemsomea mume wangu mezani akaacha kula. Umeshinda, binti, umeshinda kabisa, tatizo lako ni kwamba hakuna aliyekuambia. Sasa kwa kuwa nimeshakusifu, kaa vizuri nikugombeze.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha afisa biashara mpaka wakanistaafisha, na nimeona wenzi wakigombania jina la duka na ndugu wakinyang'anyana leseni ya mashine ya kusaga. Lakini mtu aliyejifuta mwenyewe, kwa vidole vyake, kwenye kazi yake mwenyewe, wakati hakuna aliyemshikia fimbo, huyo nimempata leo. Chuo ulisoma, mfumo ukatengeneza, ukafika kwenye kisanduku kilichoandikwa "mmiliki" ukageuka mtoto wa machimbo. Usiniambie mkono uliandika. Mkono una mwenyewe.

Haya, tuanze. Kichwa cha barua yako umeandika "kampuni yetu". Kampuni ipi? Hamna kampuni, Mbuke. Mna jina la biashara, na hivyo ni vitu viwili tofauti kama nguo na mtu. Jina la biashara ni nguo tu anayovaa mtu akienda sokoni, ndani ya nguo ile yuko Mzee Maduhu mwenyewe, nyama na mifupa. Halina hisa, kwa hiyo ule mgao wenu wa mbuzi mligawana hewa. Mwenye eneo hana kitu, Esta hana kitu, wewe na Luka hamna kitu, na sasa sikiliza vizuri, hata Mzee Maduhu hana anachodhani anacho. Alichonacho ni jina na mzigo wake wote. Siku mfumo ukikosea, kiroba cha mtu kikapotea stoo, mwenye mawe akaenda mahakamani akashinda, wasipopata cha kuchukua ofisini watakwenda nyumbani kwa mwenye jina. Na mzee wa Kisukuma mwenye maduara, sina haja ya kukuuliza nyumbani kwake kuna nini. Kuna zizi. Ulipomwandika peke yake uliwaweka rehani ng'ombe wake bila yeye kujua. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kuliko hata la kujisahau.

Kampuni yenye hisa ni jambo jingine. Kampuni mbele ya sheria ni mtu anayejitegemea, inasaini yenyewe, inashtakiwa yenyewe, ikianguka inaanguka na mali yake, na kila mwanahisa anapoteza kile alichokubali kuweka ndani yake, haendi mtu kufungua zizi la mtu, labda awe amefanya udanganyifu au ametia saini ya dhamana mwenyewe. Hiyo ndiyo mnayoihitaji, na hiyo ndiyo ule umoja wa Geita wanayoitaka wanaposema leteni karatasi.

Pili, mfumo ni wa nani. Uliajiriwa? Barua yako haisemi mshahara, inasema ugali. Mlikuwa na mkataba kwamba mtamtengenezea kazi iwe yake? Hakuna. Basi sheria ya hakimiliki ya nchi hii inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na haki inaanza kwa aliyeitunga, siku ile ile alipoitunga. Ulipouliza huu mfumo ni wa nani, nilikuwa nasoma jina la mwenyewe chini ya barua. Ni wako na Luka. Mzee Maduhu hakuandika hata mstari mmoja. Alichofanya ni kikubwa na ana haki ya kulipwa kwacho, lakini laptopu na bando havimfanyi mtu kuwa mtunzi. Nendeni mkaisajili kazi yenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku ya ubishi muwe na cha kuonyesha.

Sasa Luka. Mwambie alifungue begi, nguo zake azirudishe kwenye kamba. Mwenye mali hakimbii na mali yake, anayekimbia ni mwizi, na yeye kesho akionekana stendi ya Mwanza atakuwa amejivika wizi ambao hakuufanya. Halafu atakwenda na nini? Watu wa makarasha hawamjui Luka, wanaijua Zamu. Jina hilo linashikiliwa na Mzee Maduhu, na maadamu analishikilia, msajili hatawapa kampuni jina linalofanana nalo mpaka yeye mwenyewe aliachie kwa ridhaa yake. Kwa hiyo mnamhitaji na yeye anawahitaji. Hapa hakuna vita, kuna kikao.

Nenda kwake na mama yako. Usiende na Luka, Luka ana hasira. Anza kwa kumshukuru, taja jeneza, taja ada, usiruke hata kimoja, kwa sababu ni kweli na kwa sababu mtu aliyeshukuriwa anasikia vizuri. Halafu mweleze habari ya ng'ombe. Usiieleze kama kitisho, ieleze kama mtoto anayekiri kwamba ndiye aliyeliacha zizi wazi. Na umweleze tofauti moja ambayo inawachanganya wote mlioko machimboni. Kiroba ukishakipokea umemalizana, unasaga, unauza, mnaagana. Hisa haiagani na mtu. Mwenye hisa mmelala naye na mmeamka naye, atauliza mwaka huu na mwakani, atapiga kura, akifa wataipokea wanawe. Ndiyo maana hatumpi hisa kila aliyepita na sufuria. Mwenye chumba mwandikieni mkataba wa pango. Esta mpeni ajira yenye heshima, au mumuulize mwenyewe anataka nini, maana naona katika mgao wote ule wa mbuzi hakuna aliyemuuliza. Mzee Maduhu mpeni hisa, na msimpe kwa mkono wa birika, bila yeye mngekuwa mnachaji simu kwa watu. Lakini wewe na Luka mkiwa pamoja muwe na nyingi kuliko yeyote, na ndani ya makubaliano ya wanahisa andikeni kwamba mfumo mnauingiza kwenye kampuni na kampuni haiwezi kuwabadilisha ninyi kama magogo ya duara. Neno "wachimbaji hubadilishwa" lifie hapo.

Donatus hana kosa, amefuata kazi. Lakini neno la siri usimpe, na uache pia huo uongo wa kusahau, haukupendezi. Mwambie hivi: nalikumbuka, nitalitoa kwa kampuni ikishakuwepo.

Kisha fanya kazi kwa mpangilio. Mzee aliachie jina. Muandike katiba ya kampuni, na hapo mtafuteni wakili, mimi ni mshauri wa gazeti, siwezi kuwashuhudia saini. Mfungue maombi BRELA kwa mtandao, wanahisa kwa majina yao yote na namba zao za NIDA, wakurugenzi wasiopungua wawili. Cheti kikitoka, namba ya mlipakodi ya kampuni, msitumie ya Mzee. Halafu leseni ya biashara pale manispaa, na msinifanyie kile wanachofanya vijana wote wa kompyuta, kwamba biashara ya kwenye simu haina duka kwa hiyo haina leseni. Ina. Mnakusanya majina na namba za simu za watu, basi nendeni mkajisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hizo simu zinazopiga na ujumbe unaokwenda, ulizeni mamlaka ya mawasiliano mnahitaji kibali gani. Neno Zamu na mchoro wake visajilini kama alama ya biashara, kwa sababu kusajili kampuni peke yake hakumzuii mjanja mwingine kuuza kwa alama yenu. Na kila mwaka mpeleke taarifa za kampuni kwa msajili hata kama mwaka ulikuwa mbaya. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kujuana na mtu.

Na kwenye kila karatasi, Mbuke, ukifika kwenye kisanduku cha jina, andika lako. Ulilopewa na la baba yako.

Mama Pantaleo.

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa siku ya Geita isingesubiri gazeti litoke, jibu hilo nilimtumia binti huyu kwa simu kabla. Nikaendelea na barua nyingine kama nilivyozoea, maana wengi wakishapata ushauri hawarudi. Huyu alirudi, na alichoandika nimekiacha kama kilivyo.

Mama Pantaleo, wabeja sana, wabeja mno, asante ya Kiswahili hainitoshi leo.

Nilikwenda na mama jioni ng'ombe wanaingia zizini, Mzee Maduhu amesimama mlangoni kama kawaida yake anawaangalia mmoja mmoja. Nikashukuru kama ulivyosema, jeneza, ada, hospitali, mama akaongezea na mahindi ya mwaka ule wa ukame ambayo mimi nilikuwa siyajui. Halafu nikamwambia baba, nilipokuandika peke yako nilikosea, Zamu ikipata kesi wanaweza kuja kuwachukua hawa. Akalinyooshea fimbo dume lake moja jeusi lenye baka usoni ambalo hata mkwewe alinyimwa, akauliza, "Hata yule?" Nikasema hata yule. Akauliza, na ni wewe uliyeandika hivyo, nikasema ni mimi, Mzee akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe mtoto wa Bujiku ndiye anayetaka kunimaliza.

Tukakaa wote. Nikamweleza kampuni, nikamweleza kiroba na hisa, akauliza maswali magumu kuliko ya wale wa Geita, na kwenye hisa zake alibishana kama anauza ng'ombe mnadani, mimi nikabishana naye, sijawahi kubishana na yule mzee maishani mwangu. Tukakubaliana. Yeye ana hisa zake na ni mkurugenzi, mimi na Luka tunazo nyingi kama ulivyosema. Baadaye akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea, akauliza kwa nini siku ile steshenari sikuandika na jina langu. Nikasema baba, si mchimbaji haandikwi. Akainuka kwenda kufunga zizi na mama akaniambia tumwache.

Kila kitu kikaenda mbio. Jina akaliachia, wakili akatushuhudia, cheti cha kampuni kikatoka, namba ya mlipakodi ikatoka. Mdogo wake tumemwandikia pango na anaringa kwamba ana wapangaji wa kampuni. Esta tulimuuliza, akasema hisa haziliwi, anataka ujira wake kila Jumamosi na likizo ya kwenda kwao Mwadui. Donatus tumemwajiri kwa mkataba, neno la siri analo, na kiti changu amenirudishia. Luka begi amemwazima Donatus akachukulie vitu vyake Mwanza.

Sasa Geita. Tumekwenda wote na mama, amevaa gauni la kanisani. Katibu wa umoja akasoma karatasi zetu kwa sauti mbele ya wenye makarasha wote, akasoma jina la kampuni, akasoma wamiliki, Maduhu, Luka, halafu akasoma Mbuke Bujiku, mwanahisa na mkurugenzi. Mzee Maduhu akanyoosha mkono, akasema rudia hilo la mwisho. Katibu akadhani kuna kosa, akalirudia polepole. Mzee akasimama, akavua kofia, na unajua Mama huyu mzee kofia haivui hata kwa mkuu wa wilaya. Akasema, "Bujiku amechimba kwangu mpaka amekufa, na mimi sikuwahi kumwandika mahali popote. Leo ameandikwa."

Mama alipiga vigelegele, na ule ukumbi wote wa wanaume wa machimbo ukasubiri mpaka alipomaliza. Ndipo nikasaini. Nilisaini jina lote.

Mbuke Bujiku, Kahama.

*

Nimeisoma hii mbele ya mume wangu na sitawaambia ni nani kati yetu aliyelia.

Hongera, binti Bujiku. Ila umenitajia cheti na namba ya mlipakodi, leseni ya biashara hujaitaja, na Tume hujaitaja. Kesho asubuhi uwe manispaa, uende na jina lako hilo hilo.